Nani Ameifungia Lurambi Mlango

Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kumshuku mtu asiye na hatia. Andika hilo mahali. Polisi wana mbwa, wana pingu, wana gari lenye king'ora. Mimi nina macho mawili na mdomo, na bado nawashinda. Mtu akinidanganya, masikio yake husimama kama ya mbuzi aliyesikia kisu kikinolewa. Ndiyo sababu kwenye kibanda changu pale Lurambi, chini ya maandishi "Tunatengeneza Simu na Laptopu", niliongeza kwa rangi nyekundu: "Na Upelelezi wa Mitambo".

Kwa hivyo Bwana Kiptoo, meneja wa ushirika wa wakulima wa miwa, aliponiita ofisini kwake asubuhi ile, nilikwenda na jibu mfukoni. Nilichokuwa nasubiri ni swali tu.

"Kompyuta ya mizani ya Mayoni imekufa kwetu," alisema bila salamu. Salamu mtu huyu huziweka akiba. "Kule kwenyewe inafanya kazi. Kutoka hapa hatuingii."

Nilielewa. Ofisi ya Lurambi ina programu inayomwezesha mtu kuitumia kompyuta ya Mayoni kana kwamba ameketi mbele yake. Trekta likipanda mizani kule, uzani unaonekana huku. Mshale ukisogezwa huku, unasogea kule. Lakini tangu Jumatatu programu ilikuwa ikizunguka, inazunguka, halafu inaandika neno moja: Haipatikani.

"Nimesimamisha upimaji," akaendelea. "Uzani ambao Lurambi haijauona si uzani. Na yule karani wa kule, Navalayo, ameshasema mbele ya watu kwamba yeye hakitaki hiki kitu. Mchana nakwenda huko mwenyewe. Ukinionyesha kwa ushahidi kwamba ni yeye, anaondoka leo leo, na kiti cha afisa wa mitambo ni chako. Usiponionyesha mtu, rudi ukabadilishe vioo vya simu."

"Ni yeye," nikasema.

"Hujafika huko."

"Mkubwa, mimi hufika kabla sijafika."

Kwenye meza ya karibu na mlango, Cindy alitoa kicheko cha puani. Cindy ndiye anayekaa na hiyo programu siku nzima akitazama uzani wa miwa ya watu. Tulisoma naye sekondari moja, na tangu wakati huo hajawahi kucheka mzaha wangu hata mmoja. Hunicheka mimi mwenyewe.

"Griffin, ukikwama nipigie," alisema. "Na utakwama."

"Nikikupigia itakuwa kukwambia uniandalie kiti."

"Kiti tunacho. Cha wageni."

Mayoni nilipokewa na miwa kabla ya watu. Matrekta yalikuwa yamepangana kutoka lango la mizani hadi kwa wauza nyanya, kila moja limeandikwa namba yake ya foleni kwa chaki kwenye tairi, trela zimesheheni, na majani ya miwa yameanza kupata rangi ya gazeti lililoanikwa juani. Muwa uliokatwa haungojei mtu. Kila jua likipanda unapoteza maji, na maji ndiyo uzani. Wenye miwa walijua hesabu hiyo kuliko mimi, na walikuwa wakiifanya kwa sauti.

"Ndiye huyu?" Mama mmoja aliyevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, alinisimamia njiani, mikono kiunoni. "Ndiye huyu wametuletea? Huyu si ameachishwa ziwa tu juzi?"

"Mulembe, mama," nikamsalimia kwa Kiluhya.

"Mulembe peleka kwenu. Miwa yangu imelala kwa trela tangu juzi. Ikikaa tena mpaka kesho itapimwa kama kuni. Umekuja kutengeneza ama umekuja kutuangalia?"

Huyo alikuwa Mama Pascalia. Trela yake ndiyo ilikuwa mbele ya zote, na namba moja kwenye tairi lake ilikuwa imefifia kwa kusubiri.

"Nimekuja kumshika mtu," nikamwambia.

"Mtu hapimwi. Pima miwa."

Watu walicheka, lakini si kile kicheko cha kunipenda. Mmoja akauliza kama begi langu lina vifaa au lina mandazi. Niliwapita nikiwa nimenyoosha shingo kama naibu kamishna, nikaingia kwenye chumba cha mizani.

Navalayo hakusimama. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, kilemba cha samawati kimefungwa hadi masikioni, kalamu imechomekwa ndani yake kama mkuki. Mbele yake kompyuta ilikuwa ikiwaka vizuri kabisa, haina hata aibu.

"Wewe ndiye fundi wa visimu vya mulika mwizi?" aliuliza.

"Mimi ndiye mpelelezi."

"Wa nini?"

"Wa mitambo."

"Basi hoji mitambo. Mimi ni mtu."

Nilivuta kiti nikaketi karibu naye kuliko alivyopenda. Mshukiwa lazima akose nafasi ya kupumulia, hilo kila mpelelezi analijua.

"Ulisema hukitaki hiki kitu cha Lurambi."

"Nilisema, na narudia. Niko hapa napima, mshale unaanza kutembea peke yake. Unaenda huku, unaenda kule, unafungua vitu. Kuna dereva alitoka hapa mbio, ati kompyuta iko na mashetani. Mtu mzima anaingia kwako bila hodi, na wewe unatakiwa unyamaze. Sikipendi. Lakini kutokipenda si kukiua. Hata wewe sikupendi, na bado unapumua."

Nilitazama masikio yake. Hayakusimama. Nikaamua ni kwa sababu ya kilemba.

Nilianza kazi. Stima ilikuwapo. Waya wa intaneti ulikuwa umeingia mahali pake, nikauvuta nikaurudisha ili nionekane ninajua. Intaneti yenyewe ilikuwa nzima: nilifungua video ya kwaya fulani ikaimba kuanzia mwanzo hadi amina bila kukwama. Ile programu ya Lurambi ilikuwa imewashwa, imekaa pale chini ya kioo ikisubiri wageni. Kila mlango uko wazi, na bado Lurambi iko nje. Hapo ndipo nilipouliza swali langu la kuua.

"Umebadilisha pasiwadi?"

"Ndiyo."

"Rudia hapo."

"Nimesema ndiyo. Nilibadilisha Jumatatu."

Jumatatu! Siku ile ile! Sikungoja aendelee. Nilitoa simu, nikampigia Bwana Kiptoo, nikaiweka kwa sauti ya juu ili hata wale wa dirishani wasikie haki ikitendeka.

"Mkubwa, amekiri. Alibadilisha pasiwadi Jumatatu."

"Niliwaagiza mimi," alisema Kiptoo. "Makarani wote. Ile ya zamani ilikuwa moja mbili tatu nne."

Kalamu ya Navalayo ilianza kutikisika ndani ya kilemba. Alikuwa anacheka bila sauti.

"Mkubwa, pengine Cindy hana hiyo mpya ndiyo maana..."

"Ninayo," sauti ya Cindy ilisikika nyuma. "Nimepewa siku hiyo hiyo. Na kama shida ingekuwa pasiwadi, ningeambiwa pasiwadi si sahihi. Mimi naambiwa haipatikani. Kukataliwa mlangoni na kukosa nyumba yenyewe si kitu kimoja, Griffin."

"Tafuta kitu kingine," alisema Kiptoo, "na uache kunipigia na vichekesho." Akakata.

Kichwa cha Mama Pascalia kilichungulia dirishani. "Ameshika mtu?"

"Ameshika simu," Navalayo alimjibu.

Nje walipasuka kwa kicheko. Habari ilipita kutoka trela hadi trela, na kila ilipofika iliongezwa chumvi, hadi nikamsikia mtu wa mwisho kwenye foleni akisema kwamba mpelelezi amejishika mwenyewe.

Nilibadilisha mshukiwa wa kuhojiwa, si kwa sababu nilikuwa nimemwachilia wa kwanza. Nilimwita Protus, mlinzi, mzee mwenye koti refu la mvua ambalo halivui hata jua likiwaka. Ndiye anayelala pale mizani, na ndiye anayeandika zile namba za chaki langoni. Alikuja akiniangalia kama mtu anayeangalia kuku aliyeingia jikoni.

"Protus, nani anaingia humu karani akienda nyumbani?"

"Mimi."

"Unagusa kompyuta?"

"Kompyuta sigusi. Ni ya wenyewe. Mimi nagusanga soketi tu."

"Soketi! Kwa nini?"

Alinitazama kwa huruma. "Kwani wewe umezaliwa wapi? Radi ya huku inauliza mtu jina? Jioni ikianza kunguruma upande ule, mimi nachomoa. Zote."

"Zote zipi?"

"Zote ni zote. Kompyuta, ile kisanduku ya intaneti, birika. Hata saa ya ukutani natoanga betri."

"Saa ya betri inapigwa na radi?"

"Wewe umewahi kuiuliza?"

Nimekulia huku. Mawingu yakikusanyika, kwetu kioo kinageuzwa ukutani, nguo nyekundu inaanuliwa kabla ya nyeupe, na soketi zinaachwa tupu nyumba nzima. Mama yangu huchomoa hata pasi iliyoungua zamani. Mtu wa Nairobi akiambiwa kwamba ofisi nzima inazimwa kila jioni kwa sababu ya wingu, atacheka. Mtu wa huku kwetu Kakamega atauliza kama na waya wa simu umechomolewa pia.

"Na asubuhi?" nikamuuliza.

"Asubuhi narudisha. Kisanduku ya intaneti kwanza, ndio hii simu yangu ipate salamu za watu wa kanisa. Kompyuta nawachia Navalayo awashe akija."

"Simu gani?"

Aliingiza mkono kwenye koti, akatoa simu ya kioo kikubwa iliyokuwa bado na ile plastiki yake ya dukani. Aliishika kama mtoto mchanga. "Nilinunua Jumamosi. Navalayo akanipatia pasiwadi ya intaneti. Mungu ambariki."

"Mungu akubariki wewe, Protus," Navalayo alisema. "Sasa mwambie huyu aache kukuhoji, amekosa kazi."

Lakini mimi nilikuwa nimegeuka kuangalia nje, matairi yale na chaki zake. Trekta likifika langoni, Protus haulizi ni la nani. La kwanza kufika linapewa namba ya kwanza, linalofuata ya pili. Na kile kisanduku cha intaneti ni Protus mtupu: kikiwashwa asubuhi, kifaa cha kwanza kujiunga kinapewa namba ya kwanza. Zamani kompyuta ilikuwa peke yake kwenye foleni hiyo, maana Navalayo hutumia bando lake mwenyewe. Hataki simu yake ijulikane na Lurambi. Namba za kisanduku hicho huanzia kumi na tano, kwa hivyo kila asubuhi kompyuta ilikuwa ikipewa hiyo. Na kumi na tano ndiyo namba ambayo Cindy huipiga kutoka Lurambi.

Nilifungua mipangilio ya kompyuta. Kumi na sita.

Nikaichukua simu ya Protus, nikaitazama. Kumi na tano.

Tangu Jumatatu Lurambi nzima, na meneja wake, na programu yake, ilikuwa ikibisha hodi ndani ya koti la Protus.

"Umeona nini?" Navalayo aliuliza.

"Bado napeleleza."

Nje kelele zilipanda. Mama Pascalia alikuwa amemshika shati dereva aliyejaribu kupenyeza trekta lake mbele, na wengine walikuwa wakimpigia makofi. Navalayo aliruka kutoka kitini. "Protus, twende, huyo mama atamvunja mtu!" Wakatoka wote wawili, mzee akiniachia simu yake mkononi bila kukumbuka.

Nilibaki peke yangu. Nilimpigia Cindy.

"Hebu jaribu tena kuingia."

"Iache ijaribu yenyewe, nimeiwashia. Mkubwa ananiita. Usikate, nakuja." Nikasikia simu ikiwekwa mezani, viatu vikiondoka, halafu feni ya ofisi tu.

Nilifanya mambo mawili, na hayakuchukua muda. Niliiondoa simu ya Protus kwenye intaneti. Kisha kwenye kompyuta, mahali palipoandikwa namba igawiwe na kisanduku, nikakataa, nikaandika kumi na tano kwa mkono wangu, iwe yake daima, radi ipende isipende. Nikabonyeza Hifadhi.

Kwenye kona ya kioo, kidirisha kidogo cha kijani kikatokea: Lurambi imeunganishwa.

Imekwisha. Miwa inaweza kupimwa. Mama Pascalia anaweza kumwachilia yule dereva. Nilisikiliza simu: feni. Meza ya Cindy haina mtu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu hawanielewi. Bwana Kiptoo hakunituma kutafuta wingu. Nikimwambia ni radi, na foleni, na simu ya mzee wa kanisa, atasema asante na kuniuliza nauli ni ngapi. Wingu halifukuzwi kazi. Na ofisi isiyo na mhalifu haihitaji afisa wa mitambo. Inahitaji tu mtu wa kumwambia Protus awashe kompyuta kwanza. Tena nilikuwa nimeshamtaja Navalayo mara mbili, mara moja kwa sauti ya juu, na foleni nzima ilikuwa ikinicheka kwa ajili yake.

Nilishika kipanya. Mshale ukarudi palepale. Nikafuta kumi na tano. Nikaandika kumi na sita, kwa mkono. Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti niliyoitaka: namba iliyogawiwa na kisanduku haina mwandishi, lakini iliyoandikwa kwa mkono ina mtu. Hifadhi. Kile kidirisha cha kijani kikatoweka.

"Haloo?" Sauti ya Cindy ilinishtua hadi nikagonga goti mezani. "Uko?"

"Niko, niko."

"Imekubali?"

"Bado, madam. Hiki kitu kuna mtu amekikalia kweli kweli."

Feni ikazunguka.

"Navalayo yuko hapo karibu? Nimsalimie."

"Yuko nje, anaamua ugomvi wa wakulima. Ametoka zamani."

"Sawa," alisema Cindy, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake. "Endelea na kazi nzuri."

Nikajiambia, hatimaye ameanza kuniheshimu.

Gari la meneja lilifika mawingu yakiwa yameanza kujikusanya. Bwana Kiptoo alishuka na uso uliofungwa, na upande wa pili akashuka Cindy, laptopu chini ya kwapa. Nilidhani ameletwa kuandika habari za ushindi wangu. Wenye miwa waliwazunguka hadi mlangoni, wakajaza dirisha, na Mama Pascalia akaingia ndani kabisa bila kuombwa.

"Niambie," Kiptoo aliniambia.

Niliketi mbele ya kompyuta, nikakohoa, nikashika kipanya.

"Mkubwa, kila kompyuta ina namba yake. Hii namba yake ni kumi na tano, na hiyo ndiyo Lurambi inayoipiga. Sasa tazama hapa." Nilisogeza mshale polepole, kama mchungaji anayeonyesha mstari. "Kumi na sita. Na si kisanduku kilichoigawa. Tazama, imeandikwa kwa mkono. Mtu ameingia humu, akabadilisha mlango wa nyumba, akawaacha ninyi mkibisha ukutani. Mwenye pasiwadi ya kompyuta hii hapa Mayoni ni mmoja. Mwenye kuchukia programu hii ni mmoja. Na ni yule yule."

"Mimi hata sijui hizo namba zinaandikwa wapi!" Navalayo alisema.

"Kila mtu husema hivyo."

"Kila mtu nani? Umewahi kumshika mtu mwingine wewe?"

"Navalayo," Kiptoo alisema. "Nilikuuliza kwa simu ukaniambia hujagusa kitu."

"Na sijagusa."

"Namba hiyo hapo imejiandika?"

"Kumbe ni wewe!" Mama Pascalia alimgeukia, na sauti yake ilikuwa mbaya kuliko ile aliyonipokelea nayo. "Siku hizi zote natukana Lurambi, natukana huyu mtoto, kumbe ni wewe umeketi juu ya miwa yangu? Na tunakusalimia sokoni!"

"Mwizi!" mtu alipaza sauti dirishani. Mwingine akasema atolewe nje wamwone. Ganda la muwa lilirushwa, likampata Navalayo begani, likaanguka. Hakuliokota. Alimtazama Kiptoo tu.

"Bwana Kiptoo, baba yangu mwenyewe alileta miwa hapa ikiwa na takataka. Nikamkata uzani mbele ya watu wote hawa. Hajanisalimia hadi leo. Nikipita boma lake anaingia ndani. Hiyo nilifanya kwa sababu ya kazi yako. Leo unaniita mwizi kwa mdomo wa huyu?"

"Naita ninachokiona kwa kioo," Kiptoo alisema, akanyoosha kiganja. "Lete funguo."

Navalayo alitoa funguo za mizani kwenye mfuko wa sweta. Mkono wenye funguo aliuficha nyuma mara moja, halafu akautoa tena.

"Mkubwa," Cindy alisema. "Kabla hujazichukua. Nimuulize Griffin kitu kimoja."

"Uliza," nikasema mimi, kwa ukarimu.

"Hiyo kumi na sita iliandikwa lini?"

"Jumatatu. Siku mliyofungiwa."

"Leo hakuna aliyeigusa?"

"Nani aiguse? Kompyuta nimeishika mimi tangu nifike. Hata Navalayo mwenyewe sikumruhusu. Ushahidi lazima ulindwe."

"Safi sana," alisema Cindy. Aliiweka laptopu yake mezani, akaifungua, lakini hakuiangalia. Alikuwa ananiangalia mimi. "Maana leo, mkubwa, uliponiita unipe ile barua ya kupiga chapa, niliacha programu ikijaribu yenyewe. Niliporudi nilikuta imefunguka. Mayoni yote iko mbele yangu, safi. Nikataka kupiga kelele za furaha. Halafu nikaona mshale unatembea."

Hata wale wa dirishani waliacha kutafuna.

"Ukaenda kwa namba. Pale palikuwa pameandikwa kumi na tano, kwa mkono. Ukaifuta. Ukaandika kumi na sita. Ukabonyeza Hifadhi, na mimi nikatupwa nje saa hiyo hiyo. Nikashika simu, nikamuuliza Griffin kama imekubali. Akaniambia bado. Nikamuuliza Navalayo yuko wapi. Akaniambia yuko nje, ametoka zamani."

"Nilikuwa nje," Navalayo alisema polepole. "Nilikuwa naamua huyu mama na dereva."

"Alikuwa amenishika mkono huu," Mama Pascalia alisema, na akautazama mkono wake kana kwamba ndio umeitwa kutoa ushahidi. "Na Protus alikuwa amemshika dereva."

Kiptoo hakuwa amezichukua funguo. Kiganja chake kilikuwa bado hewani, lakini macho yake yalikuwa yamehama kutoka kwa Navalayo, yakapita kwa Cindy, yakaja kwangu.

"Kwa hivyo mimi ni mjinga, Griffin, nisaidie," alisema Cindy. "Humu ndani kulikuwa na mtu mmoja. Ule mshale ulikuwa wa nani?"

Nilitazama chini. Kipanya kilikuwa kimefunikwa na mkono, na mkono ulikuwa wangu.